Ritifaa na Kiwimbi katika Majina ya Faili: Kasoro ya Tahajia au ya Programu?

1. Utangulizi

Wataalamu wa lugha wanaohifadhi rekodi na matini katika tarakilishi aghalabu hushauriwa waondoe katika majina ya faili kila alama isiyokuwamo katika herufi 26 za Kiingereza na tarakimu kumi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sababu zake zipo. Hata hivyo, kwa lugha za Kenya, alama zinazoamriwa kuondolewa si mapambo. Ritifaa ya ng' na kiwimbi cha ĩ na ũ ni sehemu ya tahajia yenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza namna alama hizo zinavyozikwaza programu, na kuonyesha kwamba kasoro imo katika utungaji wa programu, wala si katika tahajia. Pamoja na hayo, litadhihirika swali moja ambalo mtunga programu hawezi kulijibu pasipo mwanaisimu.

Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o lafaa kuwa mfano, kwani linakusanya matatizo yote matatu ya kawaida: kiwimbi, nafasi baina ya maneno, na ritifaa.

2. Chimbuko la tatizo

Tarakilishi haihifadhi herufi bali namba. Orodha ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, na herufi ĩ na ũ hazikuwamo. Ritifaa ilikuwamo, lakini alama hiyo hiyo moja ilitumika pia kufungua na kufunga nukuu. Orodha ya ISO 8859-1 ya mwaka 1987 iliongeza herufi za lugha za Ulaya Magharibi. Ã, ñ na õ zikapata nafasi, ĩ na ũ zikakosa. Ni Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, pamoja na mtindo wa kuandika namba zake uitwao UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, vilivyoziwezesha herufi hizo kukaa katika faili moja na herufi za lugha nyingine zote.

Mifumo ya kuendesha tarakilishi nayo haikatazi alama hizi. Mifumo ya jamii ya Unix hukataza mambo mawili tu katika jina la faili: mkwaju na baiti ya sifuri. Windows hukataza alama tisa za uchapaji, yaani < > : " / \ | ? na *. Ritifaa, kiwimbi na nafasi hazimo katika orodha zote mbili. Basi tatizo latoka wapi?

3. Ritifaa na lugha ya amri

Tatizo la kwanza latokana na kuchanganya jina na amri. Katika mifumo ya Unix, programu inayopokea amri zilizochapwa huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, nayo huendelea kusoma mpaka ikutane na ritifaa ya pili. Chukua amri hii ya kufuta faili mbili:

rm ng'oa.txt ng'amba.txt

Msomaji wa Kiswahili huona majina mawili. Programu huona jina moja, nalo ni "ngoa.txt ngamba.txt": nafasi ya katikati imemezwa ndani ya nukuu, na ritifaa zote mbili zimetoweka. Faili zilizokusudiwa hazikuguswa. Pangekuwa na ritifaa moja tu, programu ingengoja bila kikomo nukuu ifungwe.

Kosa hilo hilo hutokea kila mtunga programu anapounganisha jina na maneno ya amri kuwa mfuatano mmoja wa herufi. Dawa yake si kulibadili jina, bali kulitenga na amri. Lugha ya Python, kwa mfano, huruhusu amri itolewe kama orodha, kila jina likiwa kipengele chake, na hapo ritifaa haifasiriwi tena. Katika amri za Unix, jina lililowekwa katika kigeu huzungushiwa alama za mtajo, mathalani "$jina". Na majina mengi yanapopitishwa kutoka programu moja hadi nyingine, hutenganishwa kwa baiti ya sifuri, kwa kuwa hiyo haiwezi kuwamo katika jina lolote. Amri find -print0 na xargs -0 hufanya hivyo.

4. Kiwimbi na sura mbili za herufi moja

Tatizo la pili ni gumu zaidi kwa sababu halionekani kwa macho. Unicode huruhusu ĩ iandikwe kwa namna mbili: kama herufi moja kamili, U+0129, au kama i ikifuatwa na kiwimbi cha kupachikwa, U+0303. Kwa UTF-8, jina Ngũgĩ huwa na baiti 7 kwa namna ya kwanza na baiti 9 kwa namna ya pili. Katika kioo yanafanana kabisa. Kwa programu inayolinganisha baiti, hayo ni majina mawili.

Mfumo wa faili wa HFS Plus, ulioanza kutumiwa na Apple mwaka 1998, uliyahifadhi majina kwa sura iliyotenganishwa. Linux huyahifadhi kama yalivyoletwa. Kwa hiyo faili zilizohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huweza kuonekana katika orodha lakini zisipatikane zinapotafutwa.

Unicode imeweka kanuni za kusawazisha sura hizo. Ile iitwayo NFC huunganisha herufi na alama yake. Yafaa majina yasawazishwe kabla ya kulinganishwa. Lakini katika kufungua faili, programu itumie jina lile lile ililopewa na mfumo, baiti kwa baiti, maana jina lililosawazishwa huenda lisiwe lile lililomo katika diski.

5. Gharama ya kufuta alama

Kiswahili kina ng'oa, yaani kutoa kitu chenye mizizi, na ngoa, yaani wivu au uchu. Programu inayofuta ritifaa huzipa rekodi za maneno hayo jina moja, na ya pili ikaifuta ya kwanza. Hapo kilichopotea si tahajia pekee bali ni data. Kigikuyu nacho kina irabu saba, na kiwimbi ndicho kinachozitenga ĩ na i, ũ na u. Kuondoa kiwimbi ni kurudisha irabu saba katika herufi tano.

Kuzipa faili namba za mfululizo, na kuweka tahajia kamili katika katalogi, ni jambo jingine. Namba haidai kuwa neno, basi haipotoshi. Jina lililonyang'anywa alama hujifanya neno ilhali si neno.

6. Swali la wanaisimu

Kanuni ya NFC huunganisha sura mbili za ĩ, lakini haiunganishi ritifaa. Ng' huweza kuandikwa kwa U+0027, ambayo ndiyo ya kibodi. Kwa U+2019, ambayo programu za kuandikia huiingiza zenyewe. Au kwa U+02BC. Mbili za kwanza zimehesabiwa kuwa alama za uakifishi, na ya tatu kuwa herufi. Tofauti hiyo ni nzito: programu sahili ya kuhesabu maneno huikata ng'ombe vipande viwili, na katika Kijaluo, wang', yaani jicho, hupoteza ritifaa ya mwisho ikidhaniwa kuwa nukuu inayofungwa.

Mfano wa kufuata upo. Herufi ya kidoko ǃ, inayotumika katika Kikhoekhoe cha Namibia, imepewa namba yake, U+01C3, mbali na alama ya hisi inayofanana nayo. Kwa kuwa ritifaa ya ng' haitenganishi chochote wala hainukuu chochote, bali huonyesha kwamba sauti ni nazali na si nazali ikifuatwa na kipasuo, hoja ya kuihesabu kuwa herufi ina nguvu. Programu zingeweza kupokea namna zote tatu na kuhifadhi moja tu, U+02BC.

7. Hitimisho

Mtunga programu aweza kutenga jina na amri, na kusawazisha kiwimbi, bila kumwuliza mtu. Hawezi kuamua ritifaa ya ng' ni nini, maana hilo ni swali la tahajia. Idara za lugha zisipolijibu kwa maandishi, litaendelea kujibiwa na kibodi na programu za kuandikia, ambazo hazikutungwa kwa kuzingatia lugha hizi.