Pakiti nzima, maji nusu: hesabu inayomkausha mtoto

Swali linalotoka Mautuma, kule Lugari, ni lile lile kila mvua inapochafua visima: mtoto anahara, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji) ipo, niitie maji kiasi gani? Wengine hupunguza maji makusudi, eti dawa nzito huponya upesi. Huo ni uongo, na unaumiza watoto.

Chukua pakiti ya lita moja, gramu 20.5. Ukiikoroga katika lita nzima, nguvu yake ni moja. Pakiti hiyo katika nusu lita ni mbili. Je, robo tatu ya pakiti katika nusu lita? Wengi hujibu kwamba haijafika moja, kwa kuwa robo tatu ni pungufu ya nzima. La, ni moja na nusu, maana maji yamepungua kuliko unga. Ukitazama unga peke yake utakosea.

Tena kuna pakiti za nusu lita, na kwa hizo nusu lita ndiyo moja. Soma karatasi kwanza.

Mbona iwe moja kamili? Utumbo una protini inayopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, jambo alilolieleza mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960. Zikivuka, maji huzifuata. Ajabu ni kwamba hata kipindupindu hakiuzibi mlango huo. Ndiyo sababu mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwahudumia wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, aliona vifo vikishuka hadi asilimia 3.6 kwa maji ya chumvi na sukari yaliyonywewa.

Mchanganyiko unaopendekezwa na WHO tangu 2002 una milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Osmolariti yake, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ni 245, na ya damu ni takriban 290. Kwa hiyo maji huvutwa kutoka utumboni kuingia mwilini. Ukipunguza maji nusu, inapanda hadi 490, sasa utumbo ndio unaovuta maji kutoka mwilini. Mtoto anahara zaidi, na sodiamu inamzidi kwenye damu. Ukizidisha maji nako, chumvi aliyoipoteza hairudi.

  

Koroga pakiti yote, usiigawe kwa macho. Tumia maji safi, mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10, na yaliyobaki mwaga baada ya saa 24. Mwendelezee kunyonya na kula. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni nusu, miligramu 10. Macho yakibonyea, choo kikiwa na damu, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali mara moja.