Kuanza judo, karate ama ngumi ukiwa mutu muzima: mbele ya kuchagua muchezo, chagua mwalimu

Mutu mwenye miaka 35 ama 40, mwenye anafanya kazi ya mugodi, anaweza kuanza leo muchezo wa kupigana? Na kama anaweza, aanze na gani? Wengine wanataka kupunguza tumbo. Wengine wanatafuta namna ya kujilinda wakitoka zamu ya usiku. Wengine waliona filamu tangu utoto na hamu haikuisha. Sababu zote hizo ni nzuri.

Lakini kwetu sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuko jambo moja la kuangalia kwanza: mwili njo chombo cha kazi. Ukivunja kidole siku ya posho, kazi moja utashika sururu na mukono gani? Na mwenye anachimba kwa mikono, hakuna mutu wa kumulipa siku za ugonjwa. Asipoingia mu shimo, nyumba haili.

Kwa hiyo swali la "muchezo gani una nguvu kupita yote" tunawaachia vijana. Sisi tunauliza lingine: ni wapi nitajifunza vizuri, kisha nirudi kazini nikiwa muzima?

Miaka haizuie kuanza

Francis Ngannou wa Kameruni alichimba muchanga kule Batié akiwa mutoto. Alianza ngumi akiwa na miaka 22, wakati wengine wanakuwa wamesha kufanya miaka kumi. Mwezi wa tatu 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito mukubwa katika UFC. Hatusemi kama kila muchimbaji atafika pale. Tunasema tu kama kazi ya mikono inaacha kitu mu mwili: nguvu ya kushika, mugongo wenye umezoea muzigo, na moyo wa kuvumilia. Mutu wa mugodi haanzie kwa sifuri.

Lakini kazi inaacha mambo mengine pia. Vumbi ya jiwe inaharibu mapafu. Mashine yenye inatetemeka inachosha mugongo. Kama unakohoa siku nyingi, kama pumzi inakatika ukipanda kilima, kama kifua kinakubana, ama uko na hernia, enda kwanza kwa munganga. Mwambie wazi: "Ninataka kuanza judo." Tatami itakungojea.

Judo: kwanza kujua kuanguka

Judo ilianzishwa Japani mwaka 1882 na Jigoro Kano. Alikuwa mutu wa mwili mudogo, na alitoa mu mafundisho ya zamani mambo ya hatari kusudi watu wapate kushindana bila kuvunjana. Hakuna kupiga ngumi wala teke. Unashika kimono ya mwenzako, unamwangusha, unamubana chini.

Mwalimu muzuri wa judo anaanza na kuanguka: kwa nyuma, kwa pembeni, kwa mbele. Kidevu kinashuka kwenye kifua kusudi kichwa kisigonge. Mukono unapiga tatami kusudi nguvu ya kuanguka isambae. Mutu anafanya vile mara mingi, mpaka mwili unajua wenyewe. Kwa mwenye anatembea kwenye matope ya mugodi na anapanda pikipiki kila siku, somo hilo peke yake linaweza kustahili feza yake.

Hatari yake iko kwenye mabega na magoti, zaidi kama wanakupatia mutu muzito mwenye haraka. Omba mwenzako awe wa uzito wako.

Na judo si muchezo wa mbali na Wakongomani. Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wa kutoka Bukavu, walishindana Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Wanawake wanapigania medali za judo katika Olimpiki tangu 1992. Kwa hiyo, mama na binti nao wana nafasi yao.

Karate na taekwondo

Karate ilitoka Okinawa. Gichin Funakoshi alienda kuionyesha Tokyo mwaka 1922. Alikuwa amesha kupita miaka 50. Uzuri wake kwa mutu wa zamu ni huu: sehemu kubwa, yenye inaitwa kata, unaifanya peke yako. Ukikosa siku ya mazoezi juu ya kazi, unarudilia somo mu lupango. Lakini uliza mapema: hapa mnagusana kidogo tu, ama mnapigana kabisa? Kilabu hazifanane.

Taekwondo ya Korea inapenda teke la juu. Ni muchezo wa kupendeza, lakini kiuno cha mutu wa miaka 40 hakifunguke kama cha kijana. Teke lako likiishia kwenye urefu wa mukaba, si haya. Mwenye kukulazimisha kupita pale anatafuta kukuumiza.

Ngumi: pumzi ndiyo, kichwa hapana

Nani hapa hajui ile usiku ya tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, wakati Muhammad Ali alimwangusha George Foreman kule Kinshasa katika raundi ya 8? Ngumi inaomba vitu kidogo: kamba ya kuruka, glavu, mufuko wa kupiga. Inaleta pumzi na inaondoa mafuta.

Lakini kichwa hakina spea. Mutu muzima mwenye hatafute ushindi wa mashindano anaweza kupiga mufuko mwaka muzima bila kupokea ngumi hata moja usoni, na bado akapata faida. Ukigongwa kichwa, kisha unatapika, unachanganyikiwa ama kizunguzungu kinakushika, simama siku ileile na uende hospitali. Usipande pikipiki, wala usishuke mu mugodi.

Namna ya kupima mwalimu

Sasa tunafika kwenye kiini. Judo mbaya inaumiza kupita ngumi yenye inafundishwa vizuri. Basi, enda kuangalia mara mbili bila kulipa kitu. Angalia hivi:

Mutu akipiga tatami mara mbili na mukono, mwenzake anamuachilia palepale? Wenye mukaba mweupe wanafundishwa, ama wanatumiwa kama mifuko ya kupigia? Tatami iko nene, ama ni sementi yenye kufunikwa na bashi? Mwalimu anakuuliza miaka yako, kazi yako, na mahali penye panakuuma? Anasema wazi bei ya mwezi, na kilabu chake kiko katika ligi gani?

Kama anauza mikaba, kama anatuma wanafunzi kwenda kupigana njiani ama kwenye mikutano ya wakubwa, kama anazungumza dawa ya kushinda, toka. Na kama anakuahidi kama utashinda mutu mwenye kisu, toka pia. Mbele ya kisu, miguu njo inaokoa.

Jambo la nyumbani

Bibi ana haki ya kuuliza: bwana akijifunza kupiga, atapiga nani? Swali hilo si la kucheka. Kilabu cha kweli kinafundisha kujizuia, na mwalimu wa kweli anamufukuza mwanafunzi mwenye anainua mukono nyumbani. Bibi aende aangalie mazoezi, aongee na mwalimu yeye mwenyewe. Mupange feza pamoja: ada ya mwezi, kimono (hata ile yenye ilisha kuvaliwa), na sabuni, sababu kimono chafu inaleta magonjwa ya ngozi kwa watoto.

Kwa kuanza, mara mbili kwa juma inatosha, na siku moja ya kupumuzika katikati. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Mwili wenye usingizi unaumia upesi. Lipa mwezi moja tu, usilipe mwaka. Mwezi ukiisha, ujiulize: ninalala vizuri? Ninapumua vizuri? Ninaenda kazini bila kuchechemea? Kama jibu ni ndiyo, lipa mwezi wa pili. Kama kila kazi moja unashuka kitandani ukishika ukuta, badilisha mwalimu mbele ya kubadilisha muchezo.