Kutuza Bila Kuona: Tuzo za Mazingira kwa Kampuni nchini Uingereza

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi taifa moja, yaani Uingereza, linavyozitunuku kampuni zake kwa kuhifadhi mazingira na kuleta maendeleo endelevu, na kuonyesha kwamba thamani ya tuzo ya namna hiyo haiwezi kupita uzito wa swali ambalo kampuni huulizwa kabla ya kuipata. Tumeichagua Uingereza kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya tuzo yake ni ndefu na inajulikana. Pili, jina la tuzo hiyo lilibadilishwa. Na jina linapobadilika, mwanafunzi wa lugha hana budi kuuliza ni nini kingine kilichobadilika pamoja nalo.

2. Maana ya kutuza

Katika matumizi yake ya zamani, kutuza ni kitendo cha ngomani. Mchezaji hucheza, mtazamaji huvutiwa, kisha huinuka na kumtilia mchezaji fedha mkononi au kumpa zawadi nyingine mbele ya watu wote. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana jina tuzo. Hapo yafaa tutofautishe maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Zawadi hutolewa kwa mapenzi tu, hata kwa mtu asiyefanya lolote. Nishani huvaliwa, nayo ni alama ya heshima. Tuzo hustahiliwa: hapana tuzo pasipo tendo lililotangulia.

Katika ngoma, tena, anayetuza ameona kwa macho yake mwenyewe. Taifa linapozituza kampuni, sharti hilo la kuona huwa gumu, kwa maana waamuzi huketi mbali na kiwanda na husoma karatasi. Ugumu huo ndio kiini cha makala haya.

3. Historia ya tuzo ya Uingereza

Tuzo hiyo ilianzishwa kwa hati ya kifalme ya tarehe 30 Novemba 1965, wakati wa Malkia Elizabeth wa Pili, na washindi wa kwanza walitunukiwa mwaka 1966. Hapo mwanzo iliitwa Tuzo ya Malkia kwa Viwanda, na kilichotazamwa kilikuwa mauzo ya nje na uvumbuzi wa kiufundi. Moshi wa kiwanda na maji machafu yaliyotiririka mtoni hayakuwamo katika hesabu. Mwaka 1975 tuzo iligawanywa sehemu mbili, moja ya mauzo ya nje na nyingine ya ufundi.

Mwaka 1987 Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe ilitoa ripoti iliyoieneza duniani fikra ya maendeleo endelevu, yaani maendeleo yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kutosheleza ya kwao. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro kujadili mazingira na maendeleo. Mwaka huohuo Uingereza iliongeza tuzo ya tatu, ya mafanikio ya kimazingira, na washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 1993. Baada ya mapitio ya mwaka 1999, jina la tuzo zote lilibadilishwa, na ile ya mazingira ikawa Tuzo ya Maendeleo Endelevu. Malkia alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, tuzo zilichukua jina la Mfalme.

4. Jinsi tuzo inavyotolewa

Kampuni haiteuliwi na majirani wala na wateja wake, huomba yenyewe. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika tuzo hii hata chema hakina budi kujitembeza, kwani kisichoomba hakipewi.

Mwombaji sharti awe na makao nchini humo, awe na wafanyakazi wasiopungua wawili, na awe analipa kodi zake kama sheria inavyotaka. Sharti pia aonyeshe mafanikio ya zaidi ya miaka miwili, na kwamba biashara yake inasimama imara. Maombi hupimwa, idara za serikali huulizwa kama kampuni ina doa lolote, kisha kamati humshauri Waziri Mkuu, naye humshauri Mfalme. Majina ya washindi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali.

Mshindi hapewi fedha. Hupewa hati, chombo cha kioo, na ruhusa ya kuweka alama ya tuzo juu ya bidhaa na barua zake kwa miaka mitano. Baada ya hapo ruhusa hukoma, na kampuni inayotaka kuendelea kusifiwa sharti iombe upya. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kanuni yenye hekima kuliko zote katika utaratibu huo, kwa kuwa inakiri kwamba aliyetenda mema jana aweza kuacha kesho. Aidha, tuzo yaweza kufutwa kabla ya muda wake kwisha.

Miongoni mwa waliowahi kutunukiwa ni kiwanda cha bia cha Adnams, kilichopo Southwold, mashariki ya Uingereza, tangu mwaka 1872. Ghala ambalo kiwanda hicho kililimaliza mwaka 2006 lilijengwa kwa matofali ya katani na chokaa, yenye uwezo mkubwa wa kuzuia joto, hata bia hukaa katika ubaridi ufaao bila mitambo mikubwa ya kupoza. Paa lake limeoteshwa mimea, na maji ya mvua hukusanywa na kutumiwa. Huo ni mfano wa tendo ambalo mpita njia aweza kulishuhudia.

5. Kutoka mazingira hadi maendeleo endelevu

Sasa tuyatazame majina mawili ya tuzo hiyo kwa jicho la Kiswahili. Neno mazingira latokana na kuzinga na kuzingira: ni vitu vinavyotuzunguka. Tuzo ya mwaka 1992 basi iliuliza swali moja: je, bidhaa au mtambo huu unavidhuru kwa uchache zaidi vitu vinavyotuzunguka?

Endelevu ni sifa iliyoundwa kwa kitenzi endelea na kiambishi -vu, kama vile vumilivu kutokana na vumilia, tulivu kutokana na tulia, na sikivu kutokana na sikia. Maneno ya namna hiyo hayatuelezi tendo la siku moja, bali tabia. Aliyevumilia mara moja haitwi mvumilivu. Na kwa kuwa maendeleo nayo yametokana na endelea, Kiswahili kimepata msemo ambao mzizi wake umerudiwa mara mbili: kuendelea kunakoendelea. Wako wanaouona msemo huo kuwa mzito masikioni; sisi twauona kuwa na manufaa, kwa sababu marudio hayo yanamkumbusha msemaji kwamba yapo maendeleo yanayokoma.

Kwa hiyo tuzo ilipobadilishwa jina, swali lilipanuka. Kampuni haiulizwi tena juu ya mtambo mmoja tu, bali juu ya mwenendo wake: jinsi inavyowatendea wafanyakazi na jirani zake, inavyotumia mali ya asili, na inavyosimamiwa.

6. Mipaka ya tuzo

Tuzo haiwezi kuwa na kweli zaidi ya vipimo vilivyoizaa. Jarida moja la Marekani, Green Car Journal, lililitangaza gari la Volkswagen Jetta la dizeli kuwa gari safi la mwaka 2009, na Audi A3 ya dizeli kuwa la mwaka 2010. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliyapima magari ya Volkswagen yakiwa barabarani, wala si katika chumba cha majaribio, wakaona kwamba moshi wake ulizidi mno kiwango. Mwezi Septemba 2015 serikali ya Marekani ilieleza sababu: magari hayo yalikuwa na programu iliyotambua wakati yanapopimwa, na wakati huo tu ikapunguza moshi. Baada ya hapo jarida liliziondoa tuzo zote mbili. Waliotuza walikuwa hawajaiona ngoma. Walioiona ni watafiti walioifuata barabarani.

Mpaka wa pili watuhusu sisi wa Kongo hasa. Ikiwa mazingira ni vitu vinavyozunguka, vinamzunguka nani? Gari la umeme lisilotoa moshi katika barabara za London laweza kuwa na kobalti katika betri yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini mwetu, katika ardhi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kampuni iliyoyasafisha mazingira ya mteja wake yaweza kutuzwa kwa haki kabisa, ilhali vumbi na maji machafu vimebaki kwa watu ambao hawamo katika fomu ya maombi. Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kufunzwa jambo hili: dohani ya tanuri la shaba na kilima cheusi cha masalio yake vimesimama mbele ya macho yake, na tanuri hilo lilianza kazi mwaka 1911.

Mpaka wa tatu ni kwamba tuzo humtaja aliye mbele, nayo haisemi neno juu ya aliye nyuma. Kumtuza mchezaji bora si kusema kwamba ngoma yote ilikuwa njema. Kazi ya kumzuia mharibifu ni ya sheria. Nchini kwetu Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na sheria ya mazingira ilitolewa mwaka 2011. Tuzo yaweza kuisindikiza sheria. Kuishika nafasi yake haiwezi.

7. Hitimisho

Kwa ufupi, mfano wa Uingereza unatufundisha mema mawili: tuzo iwe na mwisho wake, na ipime mwenendo badala ya tendo moja. Unatuachia pia pengo moja la kuliziba. Siku ambayo nchi yetu itataka kuzituza kampuni za madini kwa maendeleo endelevu, inafaa maombi yao yasomwe pamoja na ushahidi wa wanaoishi karibu na mgodi, wanaochota maji chini yake na kulima kando yake. Ushahidi huo utatolewa kwa lugha wanayoisema, na katika Katanga lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Hapo ndipo kazi ya idara zetu inapoanza: kuyasikiliza maneno ambayo watu hao huyatumia kuuita moshi, vumbi, maji yaliyoharibika na udongo usiozaa, na kuyaandika kwa uaminifu, ili anayetuza apate kuona.