Bima ya Familia: Nani Hupata Nafuu ya Kodi Kenya?

Wenzetu waliovuka mpaka kufanya kazi katika viwanda na mashamba ya chai ya Kenya hutuuliza: ukilipia familia bima ya matibabu, kodi inapungua?

Inapungua. Mkaaji wa Kenya hupunguziwa kodi kwa 15% ya ada ya bima anayojilipia mwenyewe, mkewe au mumewe, na watoto. Mwisho ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukilipa ada ya 2,000, kodi inapungua 300. Bima ya mzazi haihesabiwi, ingawa mama tuliyemwacha nyumbani ndiye anayeugua mara kwa mara.

Mchango wa SHIF wa 2.75% ni jambo jingine: tangu tarehe 27 Desemba 2024 hutolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa.

Lakini tazameni. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa kutozwa kodi usiozidi 24,000 kwa mwezi haulipi kodi yoyote. Asiyetozwa atapunguziwa nini? Mchuma chai anayejinyima alipe bima hapati hata senti. Meneja mwenye bima kubwa hupunguziwa hadi 5,000.

Unayetozwa, usilale. Peleka cheti cha bima ofisi ya mishahara, ukague karatasi yako ya mshahara. Wasipokuhesabia, dai kwenye ritani ya mwaka kabla tarehe 30 Juni haijapita.

Na sisi chamani tudai mawili: wazazi wahesabiwe, na mwenye mshahara mdogo naye akumbukwe.