Programu ya Kuchorea Bodi Isile Mshahara

Ndugu mfanyakazi wa Kampala, unayeunda redio na chaja nyumbani baada ya zamu, chagua kwa makini programu ya kuchorea bodi za saketi. Eagle ya bure haikuruhusu bodi kuzidi sentimita 80 za mraba. Kisha mwaka 2023 kampuni ya Autodesk ikatangaza kuikomesha ifikapo Juni 2026. Walioitegemea wakalazimika kutafuta nyingine. KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, hailipiwi, haina mpaka huo, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Wenzako watatu wakichanga kompyuta moja, mmejifunza pamoja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.