Kamera Isiyokuwapo
Mwaka 2005 taasisi ya Max Planck ya fizikia ya nyota, huko Garching, Ujerumani, ilitangaza matokeo ya Millennium, uigaji wa ulimwengu kwa kompyuta uliofuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 ndani ya mchemraba ambao kila upande wake ni miaka ya nuru ipatayo bilioni 2. Kompyuta ilifanya kazi hiyo kwa karibu mwezi mzima. Lakini data ya namna hiyo haina mbele wala nyuma, na haionekani mpaka mtu aamue atasimama wapi aitazame. Video zake, ambamo mtazamaji hupaa katikati ya nyuzinyuzi za maada ya giza, zilipigwa na kamera isiyokuwapo.

Kamera hiyo haielekezwi fremu kwa fremu. Video ya dakika moja, kwa fremu 30 kila sekunde, ina fremu 1,800. Mtengenezaji huweka fremu kuu chache, tuseme saba: sekunde hii kamera iwe hapa, itazame pale. Zile 1,793 zilizobaki hukokotolewa na programu. Utaratibu huu umetoka kwenye studio za katuni, ambako mchoraji mkuu alichora mikao muhimu, wasaidizi wakajaza michoro ya katikati. Mapema miaka ya 1970 Nestor Burtnyk na Marceli Wein, wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, waliikabidhi kompyuta kazi ya wasaidizi hao.

Ugumu uko kwenye kujaza. Programu ikiunganisha fremu kuu, yaani vituo vya kamera, kwa mistari iliyonyooka, kamera hushtuka kila inapofika kituoni, kama daladala inayokata kona bila kupunguza mwendo. Mkunjo wa Catmull-Rom, uliotungwa mwaka 1974, hupita kwenye kila kituo bila kubadili kasi ghafla. Una hatari yake: vituo visipolingana umbali, mkunjo huweza kutuna nje ya njia na kuiingiza kamera ndani ya kitu kile kile kinachoonyeshwa. Hapo ongeza fremu kuu moja tu. Zikizidi, mtikisiko unarudi.

Kugeuza kamera nako kuna mtego. Kutoka nyuzi 350 hadi nyuzi 10 ni hatua ya nyuzi 20, lakini hesabu ya kawaida huizungusha nyuzi 340 kinyumenyume. Mwaka 1985 Ken Shoemake alionyesha kwamba kwatenioni, namba alizozigundua William Rowan Hamilton huko Dublin mwaka 1843, zinauondoa mtego huo.

Umbali ndio unaowaponza wengi. Kamera ikishuka kwa mwendo mmoja kutoka kilomita 1,000 hadi kilomita 1 juu ya kitu, nusu ya muda ikipita bado iko kilomita 500 hivi, na kitu kimekua mara mbili tu machoni. Ukuaji wa mara 500 uliobaki humwangukia mtazamaji mwishoni. Afadhali umbali upungue kwa asilimia ile ile kila fremu. Katikati ya safari kamera itakuwa kwenye kilomita 32 hivi. Charles na Ray Eames walifanya hivyo katika filamu yao Powers of Ten ya 1977: kamera inayoondoka Chicago huongeza umbali mara kumi kila sekunde kumi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kamera isiyotulia. Galaksi inajizungusha, na kamera nayo inaizunguka. Mtazamaji atajuaje ni kipi kinachozunguka? Hilo ni kosa la kisayansi, wala si suala la ladha, kwa sababu mtu anaondoka ameamini mwendo ambao haumo kwenye data. Tukio linapotokea, kamera isimame. Ukitaka kuonyesha umbo, simamisha muda wa uigaji kwanza, ndipo uzunguke.

Programu za Blender na ParaView hupatikana bure. Anza na fremu kuu mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Ongeza ya tatu pale tu ambapo mtazamaji angeshindwa kuona kinachotokea, na andika pembeni mwa picha umbali na muda.