Fedha za Hisani katika Utafiti wa Afya

Utafiti wa tiba na afya hugharamiwa na serikali, kampuni za dawa, na asasi binafsi zisizotafuta faida, yaani wakfu na mashirika ya hisani. Fungu la asasi kwa kawaida ndilo dogo, na ndilo linalosumbua zaidi nchi zinapolinganishwa.

Takwimu za ulinganisho huo hufuata Mwongozo wa Frascati, uliopewa jina la mji wa Italia walikokutana wataalamu wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mwaka 1963. Mwongozo hutenganisha mambo mawili: nani katoa fedha, na nani kafanya utafiti. Jedwali likipangwa kwa kufuata mtendaji, Uingereza huonekana bahili, na hakika hapo inaonewa. Wellcome Trust, wakfu ulioanzishwa mwaka 1936 kwa wasia wa mfanyabiashara wa dawa Henry Wellcome, ulitangaza mwaka 2022 mpango wa kutumia pauni bilioni 16 katika miaka kumi. Ila sehemu kubwa ya fedha zake huenda vyuo vikuu, na hesabu huandikwa huko. Shirika la Cancer Research UK nalo lina maduka ya mitumba katika miji mingi: mtu hupeleka koti lisilomtosha, mwingine hulinunua, na mapato husaidia kulipia utafiti wa saratani. Pauni inayoishia kwenye maabara ya chuo haionekani tena katika safu ya asasi.

Marekani mambo ni tofauti kidogo. Taasisi ya Howard Hughes, iliyoanzishwa mwaka 1953, huwaajiri watafiti yenyewe, hata wale walio ndani ya vyuo vikuu. Nchini Ufaransa, Taasisi ya Pasteur, ambayo nayo hufanya utafiti yenyewe, ilianza mwaka 1887 kwa michango ya watu, baada ya mafanikio ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Denmark inahitaji jicho la pekee. Wakfu wa Novo Nordisk ndio wenye usemi katika kampuni ya dawa yenye jina hilo, kwa hiyo insulini na dawa za kupunguza unene zikiuzika, mfuko wa hisani nao hutuna. Kwa nchi ya watu wapatao milioni sita, fungu hilo ni zito likipimwa kwa pato la taifa au kwa kila kichwa. Likipimwa kwa jumla ya fedha, Marekani hulifunika.

Afrika Mashariki huonyesha utata uleule. Huko Kilifi, KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya, imeshirikiana na Wellcome tangu 1989. Kwa hesabu za Kenya, fedha hizo chanzo chake ni nje ya nchi, na zikitumiwa na KEMRI mtendaji ni serikali. Safu ya asasi haipati kitu. Taasisi ya Afya Ifakara nchini Tanzania ni asasi isiyotafuta faida, hivyo fedha kama hizo zikipita huko zinaweza kuandikwa katika safu hiyo.